Maneno Manne Yaliyokatwa

Nilikuwa nimesimama katikati ya kichaka, jua liko utosini, simu mkononi, waya masikioni, nikabonyeza namba saba ili nimsikie mume wangu. Hakusema kitu.

Nikabonyeza tena. Nikadhani waya umelegea, nikauchomoa nikauchomeka. Nikafuta kioo kwa upindo wa khanga. Pale ambapo siku zote palikuwa na kimstari kinachocheza akiongea, palikuwa na maandishi madogo ya kijivu: Hakuna rekodi. Nikarudi namba sita. Asubuhi ile sikuwa nimeisikiliza, kwa sababu njia ya kutoka mzinga wa kwanza hadi wa sita miguu yangu ilikuwa imeshaizoea. Hakuna rekodi. Nikaenda namba tano, nne, nikashuka mpaka moja, nikapanda mpaka kumi na saba. Picha za mizinga zipo, namba zipo, tarehe zipo. Sauti hakuna hata moja.

Mume wangu alikuwa amezikwa miezi kumi na minne kabla ya siku ile. Lakini naomba nieleweke: mimi nilifiwa mchana ule, kati ya mzinga wa sita na wa saba, nikiwa nimeshika simu yenye chaji nusu.

Asiyejua vichaka vya Itigi atasema si ungerudi ulikotoka. Vichaka hivi si msitu wenye miti mikubwa ya kuweka alama. Ni vijiti, unene wa mkono wa mtoto, vimesongamana kama nywele, vyote vya kijivu wakati wa kiangazi, na ardhi ni bapa, hakuna kilima wala jiwe la kusema nililiona. Ukijigeuza mara mbili umeshapotea. Na mimi nilikuwa nimejigeuza mara nyingi sana, nikizunguka na simu juu kama mtu anayetafuta mtandao, ingawa nilichokuwa natafuta si mtandao.

Nilitoka kesho yake, kama saa nne asubuhi, kwa kufuata honi ya treni ya mizigo. Usiku wa katikati sitausimulia. Ile honi ilikuja kwa mbali sana, nikaisikia tumboni kabla ya masikioni, nikaifuata bila kuamini, mpaka nikaona mwanga na kokoto za reli. Kulikuwa na mafundi wanakaza vyuma. Mmoja akanipa maji kwenye kidumu, akaniambia, "Kunywa taratibu mama, usiyakimbilie. Unatoka wapi?"

Nikamwambia, "Natoka kwenye setingi."

Wakatazamana. Wakadhani jua limenipanda kichwani. Lakini nilikuwa nasema kweli tupu.

Mimi si wa huku kwa kuzaliwa. Kwetu ni upande wa Ilongero, kwenye mtama na alizeti, ambako ukisimama mlangoni unaona ng'ombe wa jirani wa tatu wanavyokunywa maji. Nililetwa Itigi na ndoa. Miaka ya kwanza nilikiogopa kichaka. Kilikuwa kama ukuta uliosimama nyuma ya nyumba, na mume wangu alikuwa anaingia ndani ya ukuta ule alfajiri na kutokea jioni ananuka moshi na nta, na mimi napokea ndoo mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa wake wote wa warina asali. Unapokea ndoo, huulizi imetoka wapi.

Maana kwa watu hawa njia ya mizinga ni siri. Haichorwi, haionyeshwi. Baba anamtembeza mwanawe mara mbili tatu, akiwa ameshaona mtoto ana kifua cha kutunza neno, basi. Akikosa mtoto wa kiume, njia inakwenda kwa mdogo wake. Sisi Mungu alitupa mabinti wawili, wote wameolewa mbali, mmoja yuko Nduguti. Kwa desturi, basi, mizinga kumi na saba ya mume wangu ilikuwa iende kwa shemeji yangu.

Kifua kilipoanza kumbana na tukajua hakitaachia, nilimuuliza, "Utampeleka lini mdogo wako?"

Akasema, "Yule simpeleki. Yule anamaliza masega."

Hapo lazima nieleze, kwa sababu jambo zima liko hapo. Mrina asali anayejiheshimu hachukui masega yote. Anafukiza moshi, anafungua, anakata ya upande mmoja, na ya upande wa pili anawaachia wenyewe nyuki wale mpaka maua yarudi. Hata mwizi wa asali wa huku anaachia. Anayekomba mzinga mpaka chini anaitwa jina ambalo siwezi kuliandika, na watu hawaketi naye kwenye pombe. Mume wangu alikuwa amemwona mdogo wake akikomba. Akaamua kufanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya: kunipa njia mimi, mwanamke, tena mtu wa nchi ya uwazi, isiyo na vichaka.

Lakini kunitembeza hakuweza tena. Hata akienda chooni alikuwa anapumzika katikati ya njia.

Wakati huo kikundi chetu cha wafuga nyuki kilikuwa kimeletewa mradi, na mradi ulikuja na programu ya simu. Kila mzinga una ukurasa wake: namba, picha, lini umekaguliwa. Na kwa ajili ya sisi ambao kalamu si rafiki yetu, kulikuwa na kitufe cha kuongea. Unabonyeza, unaeleza hali ya mzinga kwa mdomo, inakaa pale. Mume wangu akakitazama kile kitufe siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nimtolee kigoda nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, nimwache peke yake.

Alikaa pale jioni nyingi. Nilikuwa nachambua mboga upande wa pili, nikimsikia ananong'ona, anakohoa, ananyamaza, anaanza tena. Nilidhani anasali.

Baada ya arobaini ndipo nilipoingia kichakani mara ya kwanza, na yeye masikioni.

Sijui nieleze vipi siku zile. Mvua za kwanza zilikuwa zimepita na vile vijiti vya kijivu vilikuwa vimevaa maua meupe, chini na juu, mpaka hewa yenyewe ilikuwa na utamu. Mwanga ulikuwa unashuka vipande vipande. Na mume wangu alikuwa ananiongoza kwa sauti ile ya kukwaruza, pole pole, kama anatembea hatua moja nyuma yangu.

"Namba nne. Haya, mama watoto. Umefika kwenye mti uliopinda kama bibi anayeokota sindano? Usipite kulia kwake. Kulia kuna shimo alilochimba mhanga, utaingia mpaka kiunoni, halafu nani akutoe, mimi sipo." Anakohoa. "Nenda kushoto. Hesabu hatua, zako, si zangu, zako fupi kama za kuku. Arobaini. Ukichoka kaa. Umekaa? Mbona sikusikii ukilalamika?"

Nami nalalamika kweli, kwa sauti, peke yangu kichakani, "Nimechoka bwana wee, ulishindwa kutundika karibu?" Halafu nacheka, halafu nalia kidogo, halafu naendelea kumsikiliza.

Kwenye namba saba alisema jambo kuhusu chumvi. Alisema pale alikuwa anakaa kula kiporo changu, na kwamba miaka yote chumvi ilikuwa imezidi, na hakuwahi kuniambia kwa kuogopa nisije nikaacha kumfungia. Nilipiga kelele, "Mwongo wewe!" na ndege wakaruka. Kwenye namba kumi na moja aliimba. Kwenye namba kumi na saba, ya mwisho, unasikia kwanza kifua tu kinapanda na kushuka, kisha akasema, "Basi. Rudi nyumbani sasa." Hiyo niliisikiliza hata nikiwa nyumbani, nimelala, nyuki hawapo, kichaka hakipo. Nilikuwa natii. Nasema, nimesharudi.

Kwa mwaka mzima na zaidi niliizunguka mizinga yote mara tatu. Namba moja mpaka sita zinakaa karibu karibu, nilikuwa naenda mara nyingi, nikazishika kwa miguu. Kuanzia saba kwenda mbele kulikuwa mbali, na huko nilimtegemea yeye. Nilikumbuka vichekesho vyake, sikukumbuka kona.

Shemeji yangu aliona naingia kichakani na moshi na kurudi na ndoo, akaja kuniuliza. Alikaa kwenye kigoda kilekile.

"Shemeji, mwanamke na pori wapi na wapi? Nionyeshe njia, nikusaidie."

"Njia nimeshaonyeshwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

"Marehemu hakuwahi kukutembeza, tunajua wote."

"Ananitembeza kila wiki," nikamwambia. Akaondoka akitangaza kwamba nimeanza kuongea na mizimu.

Sasa niseme kuhusu alama ya kuuliza.

Niliacha shule darasa la nne, kuchunga ng'ombe. Kusoma najua, ila nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe moja moja. Na mtu wa aina yangu tatizo lake kubwa si kusoma, ni kuuliza. Ukiuliza mbele za watu wanacheka. Kwa hiyo nilipogundua kwamba ndani ya ile programu, kando ya kila setingi, kuna kiduara chenye alama ya kuuliza, na ukikigusa yanatokea maneno ya kukueleza, niliipenda alama ile kuliko kitu chochote kwenye simu. Ilikuwa kama mtu mwenye subira anayekaa pale siku zote, unamwuliza mara kumi na hachoki wala hamwambii jirani. Mengine iliyonijibu sikuyaelewa, lakini nilijilaumu mwenyewe. Niliiamini alama ile. Hilo nalisema kwa aibu.

Siku moja kabla ya kupotea kwangu tuliitwa kwenye ghala la kikundi, nyuma ya stesheni. Msimamizi wa mradi alikuwa amekuja kutoka Singida mjini, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo alikuwa anavifuta kila akisimama. Akasema kuna toleo jipya, na ndani yake kuna setingi ambayo kila mwanachama lazima aiwashe, leo, kabla hajaondoka, na yeye ataandika mmoja mmoja.

Mwenyekiti wetu akadakia, "Mmesikia? Asitokee mtu wa kututia aibu mbele ya mradi."

Nikanyoosha mkono. Sikupenda kunyoosha, lakini nilinyoosha. "Mwanangu, hii ikiwashwa inafanya nini?"

"Bonyeza alama ya kuuliza, mama. Kila kitu kimeelezwa pale."

Shemeji yangu akasema kwa nyuma, kwa sauti ya kusikika, "Huyu anataka asomewe na misa kabisa." Ghala zima likacheka. Hata mimi nilicheka, ndivyo mtu anavyofanya.

Nikabonyeza. Kichwa kilisema: Pokea taarifa kutoka makao makuu. Na chini yake, kwenye maelezo yenyewe: Chaguo hili hukuwezesha kupokea taarifa kutoka makao makuu.

Nikasoma mara ya pili, kidole chini ya kila neno. Hakuna neno hata moja nisilolijua. Kupokea najua. Taarifa najua. Makao makuu najua, ni huko kwa wakubwa. Nikajiona nimeelewa. Lakini ilikuwa kama kumwuliza mtu mlango huu unakwenda wapi, akakujibu huu ni mlango.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo, sitalificha. Moyoni nilijiuliza: wakileta vya kwao, vyangu vitakaa wapi? Nikajijibu mwenyewe, kwa akili ya mzinga. Nikasema hawa ni watu wa nyuki, mradi wao ni wa nyuki, programu yao ni ya nyuki. Hawawezi kukomba. Chochote watakachochukua, kuna upande watauachia. Sikuwaza kabisa kwamba kuna mtu duniani anayeweza kutengeneza kitu cha nyuki kinachokomba mpaka chini bila kukwambia.

Nikawasha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kama nyuki aliyepotea mlango. Kisha: Imekamilika. Msimamizi akapiga makofi, nasi tukapiga. Mwenyekiti akanipa mkono. Nikaenda nyumbani, nikafungua programu, nikaona namba zangu kumi na saba zote zipo na picha zake, nikashukuru Mungu. Sikubonyeza kusikiliza. Chaji ilikuwa ndogo, nikasema nitamsikia kesho kichakani.

Yaliyofuata mmeshayasoma.

Nilipopata nguvu za kutembea nilikwenda ofisini kwa mradi, Singida mjini, nikakaa kwenye benchi mpaka msimamizi akanikuta. Sitamsema zaidi ya alivyosema mwenyewe. Alisema, "Pole sana mama. Rekodi zako zilikuwa hazijatumwa. Kila moja ilikuwa na kishale cha kijivu pembeni, maana yake haijatumwa."

"Nani alituambia maana ya kishale?"

"Na ulipowasha ile setingi, simu ilibeba kilichopo makao makuu ikaweka juu ya kilichokuwepo. Makao makuu kulikuwa na namba na picha tu."

"Nani alituambia?"

Akageuza kompyuta yake nione. "Mama, maelezo yalikuwepo. Na angalia, mtambo unaonyesha kabisa, siku ile ulifungua maelezo ukakaa nayo dakika tatu. Ulisoma, ukawasha mwenyewe."

Dakika tatu zangu za kusoma jiwe moja moja, walikuwa wameziandika. Alama niliyodhani haimwambii jirani, kumbe ilikuwa inamwambia.

Miezi ikapita. Shemeji yangu akafurahi kwa muda, kisha akagundua kwamba na yeye njia hana. Mizinga kumi na moja iko humo ndani, nyuki wanaingia na kutoka, hakuna mtu aliye hai anayejua ilipo. Mara nyingine mchana, upepo ukitoka upande wa kichaka, nasimama nyuma ya nyumba nadhani nawasikia. Najua haiwezekani. Nasimama tu.

Kisha akaja dada mmoja kutoka Dar es Salaam, mpole, wa umri wa binti yangu mkubwa. Akanipa shikamoo kwa kupiga goti, nikashangaa. Akasema kazi yake ni kuandika maneno ya ndani ya programu, vichwa vya vitufe na yale ya kwenye alama ya kuuliza. Akasema amesikia kuna mama aliyepotea, na anataka kuyaandika upya, lakini safari hii akae na mimi.

Nikamwangalia sana. Nikamwuliza, "Ni wewe uliyeandika yale?"

"Ni mimi, mama."

Nilikuwa nimejiandaa mwaka mzima kwa ajili ya mtu huyo. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini alikuwa ameshika vikaratasi vyake kifuani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, nikajikuta namwambia, "Kaa. Umekula?"

Tulikaa ghalani siku tatu, katikati ya ndoo na harufu ya nta. Kila setingi alikuwa ameiandika kwenye karatasi yake. Ananipa, nasoma kwa sauti, nikikwama anaweka alama, kisha ananiuliza, "Mama, hapa umeelewa nini kitatokea?" Nikisema sijui, anafuta.

Kulikuwa na moja inasema: Dhibiti arifa zako. Nikamwambia, "Hii ni amri ya polisi?" Akacheka mpaka miwani ikadondoka. Tukaiandika hivi: Simu italia siku ya kukagua mzinga ikifika. Ukizima hapa haitalia. Hakuna kitu kitakachofutika. Hayo ya mwisho niliyadai mimi. Alisema kwa nini tuseme kitu ambacho hakitatokea? Nikamwambia, kwa sababu mtu kama mimi ndicho anachoogopa, na asipoambiwa atajaza mwenyewe, na atajaza vibaya.

Nilimfundisha na yeye alinifundisha. Nilimwambia mtu akiuliza kuhusu kitufe haulizi kinaitwaje, jina ameshaliona. Anauliza: nikikigusa nini kitaondoka, nini kitabaki, na nikijuta naweza kurudi? Na uniambie kabla ya kidole, si baada. Alikuwa anaandika nisemayo kwenye daftari kama ni sheria. Ilikuwa mchana wa joto, bati linalia juu yetu, treni inapita na kutikisa ndoo, na mimi wa darasa la nne namwambia msomi futa hilo, weka hili. Kulikuwa na nyakati niliona kama naota. Nikawaza mume wangu angecheka. Angesema, leo hatua fupi za kuku zinaongoza.

Siku ya tatu tukafika kwenye ile karatasi. Pokea taarifa kutoka makao makuu. Sikuisoma. Nilimwuliza, "Hii uliwahi kuigusa mwenyewe, kwenye simu yenye vitu vyako?"

"Hapana mama. Nilipewa orodha ya vichwa, nijaze maelezo. Simu yenyewe sikuwa nayo." Akakunja pembe ya karatasi. "Lakini niliuliza. Hii moja niliuliza."

Akafungua kompyuta, akatafuta, akanigeuzia. Yalikuwa maandishi yake ya kwanza kabisa. Sentensi ile ninayoijua, na baada yake nyingine: Rekodi ambazo hazijatumwa zitafutika. Maneno manne. Yamepigwa mstari mwekundu katikati, na pembeni mtu ameandika: Itawatisha, hawatawasha. Ondoa.

Niliyasoma polepole, kidole kwenye kioo. Kisha nikayasoma tena. Nilikuwa najiona mimi ghalani siku ile, wamecheka, nimebonyeza alama ya kuuliza, na maneno manne yako pale, nayasoma jiwe moja moja, nafika kwenye zitafutika, nazima simu, natoka nje. Mume wangu yuko mfukoni mwangu. Anaimba kwenye namba kumi na moja.

"Nani huyu aliyekata?"

"Mama, nitapoteza kazi."

"Ni yule mwenye viatu vyeupe?"

Akatikisa kichwa. "Yeye alitumwa tu. Ni wa juu yake."

Tuliandika upya, pamoja. Ukiwasha hapa, sauti zote ulizorekodi na hazijatumwa zitafutika kwenye simu hii. Haziwezi kurudishwa. Kwanza gusa Tuma, subiri mpaka kishale cha kijivu kiwe cha kijani. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna cha kuongeza. Nikasema hakuna. Akanikumbatia, akaenda kupanda basi.

Toleo jipya lilikuja baada ya masika. Nilikaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda cha mume wangu, nikafungua setingi, nikagusa alama za kuuliza moja baada ya nyingine. Nilikuta maneno yangu. Simu italia siku ya kukagua mzinga ikifika. Nilikuta hakuna kitu kitakachofutika. Ukweli nilifurahi, kuyaona maneno yaliyotoka mdomoni kwangu yamesimama pale, na kujua kwamba mama mwingine huko anayasoma. Nikaenda mpaka ile ya mwisho. Nikagusa.

Chaguo hili hukuwezesha kupokea taarifa kutoka makao makuu.

Basi. Hakuna zaidi. Wamechukua maneno yangu yote mengine, ya hapa wakayakata.

Mwenyekiti wetu ana kosa lake: alitaka sifa mbele ya mradi kuliko kujua anachotuwashisha. Msimamizi ana lake: alihesabu dakika zangu akaziita ushahidi. Shemeji yangu ana lake, kicheko chake nakisikia mpaka leo. Yule dada ana lake, alikubali maneno yake yakatwe, ingawa alikuja kuniamkia, na wengine hawakuja. Na mimi ninalo langu, nimeshalisema. Sote tumetajwa. Aliyebaki ni mmoja, wewe mkuu wa mradi, unayekaa huko ofisini, uliyepiga mstari mwekundu mara ya kwanza kwa kutojua, na mara ya pili ukiwa umeshasikia kwamba mtu alipotea.

Sikuombi unirudishie sauti, najua haziwezi kurudishwa, hilo niliandika mwenyewe. Njoo Itigi. Nitakupokea stesheni, nitakupa chai. Kisha nitakupeleka kichakani, mzinga wa kwanza mpaka wa sita, njia naijua. Kwenye wa sita tutasimama. Hapo uniambie kwa nini ulikata maneno manne, na kwa nini umeyakata tena. Ukimaliza, utangulie wewe kwenda wa saba, mimi nitafuata nyuma. Niambie ni kulia au ni kushoto.